Wiki ya Kumwachisha Kipkemei

Kitale, 2 Februari 2025

Mama yangu,

Nakusalimu sana kutoka hapa kwetu, na Kemboi anakusalimu, na huyu mdogo angekusalimu pia lakini saa hii ameshika sufuria kwa mkono mmoja na kiatu cha baba yake kwa mwingine na hana nafasi. Sisi tuko wazima. Kemboi bado yuko kwa kinu cha unga, anarudi jioni mweupe mpaka nyusi. Mimi bado nafuma sweta za shule. Januari ilikuwa kazi juu ya kazi, wazazi wa Kitale wote wanakumbuka sweta siku shule inafunguliwa. Wewe ng'ombe yako amezaa? Na sikio? Simu nimeacha kujaribu. Mara ya mwisho nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje, na wewe ukawa unajibu tu ndiyo, ndiyo, kama uko kanisani. Barua ni afadhali. Jairus ameniambia kila akija huko Kaptama kununua viazi atakuwa akikuletea na kungoja yako.

Sasa habari yenyewe. Mjukuu wako ametimiza mwaka mmoja na ANASIMAMA. Wacha nirudie kwa sababu najua unasoma haraka. Anasimama peke yake, hakuna mtu amemshika, hakuna ukuta. Anasimama, anaangalia watu, anasubiri wapige makofi. Nisipopiga ananikasirikia. Wangui, yule jirani yangu anauza viatu, anasema ati Ciru wake ametembea kitambo. Ametembea wapi? Anashika ukuta kama mlevi. Mimi sikumwambia hivyo, nilimwambia hongera, lakini wewe nakuambia.

Tulimnunulia keki ndogo. Kemboi akamwambia apulize mshumaa, yeye akaweka uso wote kwa keki. Kila mtu alisema huyu mtoto ana akili, maana mshumaa ni wa nini na keki iko hapo.

Analala vizuri, anakula vizuri na ananyonya kama ndama. Niliwahi kukuambia ako na mashavu ya Baba? Watu wa kanisa wananisimamisha njiani kumwangalia.

Nimekutumia sweta ya kijani. Shingo nimefanya pana, najua vile unachukia kitu kikikushika shingo.

Mtoto wako,
Everlyne


Kaptama, Bungoma, 23 Februari 2025

Everlyne,

Barua nimepata na sweta nimepata. Inanitosha. Nimeivaa kanisani, mke wa pasta akaniuliza nimenunua Bungoma mjini, nikamwambia nina fundi wangu.

Huku tuko vizuri. Ng'ombe amezaa mtamba. Viazi si vibaya, mvua ikija mapema vitakuwa vizuri zaidi. Ndugu yako Kipsang alipita kutoka Webuye, alikula, akalala, akaenda. Sikio ni lile lile. La kulia linasikia radi.

Nimefurahi mtoto anasimama. Wewe ulisimama mapema pia, lakini sikukusanya watu kupiga makofi.

Akishaanza kutembea mlete kwangu nimwachishe kunyonya, vile tunafanya siku zote. Wiki moja inatosha. Maziwa yapo. Utaniambia siku.

Mama yako,
Chesang


Kitale, 6 Aprili 2025

Mama yangu mpendwa,

Salamu kama mvua hii inavyonyesha, maana hapa Kitale tunaamka na matope tunalala na matope. Kemboi alikuwa na homa kidogo lakini amepona, na mashine yangu iliharibika sindano tatu siku moja, nikadhani nimerogwa, kumbe ni uzi mbaya. Pongezi kwa mtamba. Umempa jina?

Mama, ANATEMBEA! Alianza siku ya Jumanne hapa kwa duka. Nilikuwa nafuma, yeye yuko kwa ile katoni yangu ya nyuzi, nikasikia kimya. Wewe ni mama, unajua kimya. Kugeuka hivi, mtoto ako nje ya katoni, ako katikati ya duka, na uzi mwekundu umemzunguka mguu, anakuja. Hatua, hatua, anaanguka, anainuka, hajalia. Mteja alikuwa amesimama pale, mwalimu mzima, akasahau kile alikuja kuuliza.

Nilimbeba nikampeleka kwa Wangui. Sikwenda kujionyesha, nilikwenda kuomba chenji. Lakini kwa sababu nilikuwa pale nikamweka chini atembee kidogo. Wangui akasema, "Miguu yake imejipinda kidogo, ama ni macho yangu?" Nikamwambia ni macho yako.

Na maneno anayo. Mbwa anamwita "uu". Baba yake anamwita "unga". Mimi ananiita mama, safi kabisa, hakuna mtu anafundisha.

Barabara ya huko nasikia imeharibika sana. Na huyu ana mafua kidogo na meno ya nyuma yanataka kutoka. Si wakati mzuri wa kumsafirisha. Tutaona.

Kemboi anakusalimu.

Everlyne


Kaptama, 1 Juni 2025

Everlyne,

Jairus aliniachia barua yako akikimbia mvua, hakurudi mpaka sasa, gari lake lililala kwa matope ya Kimilili mpaka akatafutiwa trekta. Ndiyo maana nimenyamaza. Si kukasirika.

Niko mzima. Tumepalilia. Mtamba anaitwa Chelel kwa sababu ana kichwa cheupe.

Nimesoma barua yako mara nyingi, mpaka nikamsomea jirani. Miguu ya mtoto haina shida, yako ilikuwa hivyo hivyo na leo unasimama kwayo. Mwambie Wangui nimesema.

Umenijibu kila kitu, isipokuwa kile nilikuuliza. Nimepaka chokaa kile chumba kidogo. Nimetengeneza kitanda cha chini asianguke. Mafua huku tunayo pia, na dawa tunayo, na meno yatatoka hata akiwa Kaptama.

Niambie siku.

Chesang


Kitale, 22 Juni 2025

Mama,

Habari za huko? Sisi tuko salama, tunashukuru. Wangui nimempa salamu zako na ujumbe wako wa miguu, ameguna. Ciru anatembea sasa vizuri, siwezi kukataa, lakini hajui kupanda kiti, na Kipkemei anapanda kiti, meza, na juzi alipanda mfuko wa unga mpaka juu akashindwa kushuka, akakaa pale kama chifu.

Nitakuambia ukweli wa kunyonya, maana nimechoka kuwa msafi kwa barua. Huyu mtoto amekuwa mkubwa na hataki kuacha. Jumapili, katikati ya mahubiri, alinifungua vifungo vya blauzi. Vyote! Mimi nimefunga macho naomba, ninasikia baridi. Pasta akaangalia juu kwa dari. Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mheshimiwa amesikia njaa," na kiti chote cha nyuma kikacheka.

Nimejaribu shubiri. Nilijipaka mpaka mimi mwenyewe nikaonja uchungu kwa pua. Akaonja, akakunja uso, akanitazama kwa huruma kabisa, akachukua kona ya leso yangu, akanipangusa, akaendelea. Sasa mtoto kama huyo utafanya nini? Kemboi alicheka mpaka akakaa chini. Nilitaka kukasirika lakini Mama, akili hiyo ni ya ajabu, wewe umewahi kuona mtoto anapangusa?

Lakini nimekonda. Naamka usiku, nalala kwa mashine. Wiki iliyopita nilifuma sweta yenye mikono mitatu. Kemboi anasema imetosha, mpeleke kwa mama yako kama watu wengine.

Mama, sitamleta.

Nimeandika hiyo mara nne kwa karatasi zingine na kuchoma. Sasa naiacha hapa. Si kwamba hutamtunza, najua utamtunza kuliko mimi. Mimi pia nilipelekwa kuachishwa. Kwa nyanya yangu, Gogo, kule Cheptais, wiki moja. Nilirudi nikienda kuanza darasa la kwanza. Siku ulikuja kunichukua, Gogo aliniita kutoka kwa ndama, akaniambia kuna mgeni. Nikaja nikakuinamishia kichwa unisalimie, nikakuletea kiti. Nilikuwa na adabu sana. Halafu nikamuuliza Gogo mbele yako, huyu mama ataondoka saa ngapi.

Sijakuuliza kwa nini na leo siulizi. Ulikuwa na mambo yako. Lakini nikifikiria Kipkemei aniletee mimi kiti, siwezi.

Usikasirike.

Everlyne


Kitale, 13 Julai 2025

Mama,

Salamu. Jairus amekuja na viazi bila barua. Nilimuuliza kama amekupata, akasema amekupata, ulikuwa ukikamua. Nikamuuliza kama ulisoma. Akasema ulisoma umesimama, ukaweka mfukoni, ukamwambia apakie viazi.

Huyu mdogo ni mzima. Leo sina mengi. Kemboi anasema nilikuandikia kama mtu hana mama. Kama ni hivyo unisamehe, lakini nilichosema ni hicho.

Everlyne


Kaptama, 27 Julai 2025

Mama Kipkemei,

Nakusalimu. Viazi vimevunwa. Chelel anakula majani sasa.

Yale ya Cheptais nimesoma. Ulinona kwa Gogo yako. Hilo ndilo nitasema.

Sasa sikiliza. Mtoto akiachishwa, lazima yeye na mama yake watengane siku chache, la sivyo hataacha, atapangusa shubiri mpaka aende chuo. Lakini hakuna mahali imeandikwa ni mtoto ndiye anaondoka. Abaki kwake. Alale kwa kitanda chake, aamke amwone baba yake. Wewe ndiye uondoke.

Nitakuja na Jairus Jumamosi ya tarehe 9, nikae huko. Wewe urudi na gari hilo hilo uje ukae huku kwangu, ukamue ng'ombe. Shule zitakuwa zimefungwa, najua hakuna mtu atataka sweta. Wiki moja. Nikikaa zaidi ya wiki ng'ombe wangu watanisahau, kwa hivyo usiogope.

Usipige simu ya Kemboi. Mtoto akisikia sauti yako tutaanza upya. Andika.

Funguo nitampa Jairus. Mlango wa jikoni unainuliwa kwanza ndipo unasukumwa.

Mama yako,
Chesang


Kaptama, 12 Agosti 2025

Mama,

Nakuandikia kwa meza yako, kwa kiti chako, na wewe uko kwa changu. Dunia imegeuka. Habari za kwangu? Ni ajabu kuuliza mtu habari za nyumba yako mwenyewe.

Sisi huku tuko salama, mimi na ng'ombe. Yule mkubwa amenipiga teke siku ya kwanza, akamwaga maziwa yote. Sasa tumeelewana, namwimbia. Mlango wa jikoni niliusukuma kabla ya kuuinua nikabaki nje na kuku. Chumvi uliificha wapi? Nimeomba kwa jirani, na nilipokuwa huko nikawaonyesha picha za Kipkemei kwa simu, zote, wakasema hawajaona mtoto kama huyo upande huu wa mlima. Nadhani walikuwa wanataka nirudi nyumbani, lakini walisema.

Maziwa yangu yanauma. Nimejifunga leso kifuani kwa nguvu, natembea kama nimebeba mawe. Nikisikia mtoto wa jirani analia, nguo inalowa. Kabichi baridi uliyoniambia niweke kifuani nimeweka, inasaidia, ila nanuka kama supu.

Sasa jibu haya. Analala? Anakula nini? Ananiita? Akiniita mnamwambia nimeenda wapi? Ile blanketi ya samawati ndiyo anashika akilala, si ile ya manjano. Asipewe chai. Akipanda kiti usimshike, mwache, simama nyuma yake tu. Uji asipewe moto, anapenda kuupuliza mwenyewe na anapuliza mpaka unaruka. Wangui akija na Ciru asikubaliwe kusema mambo ya miguu.

Mama, nimelala kwa kile chumba. Kitanda cha chini kimenitosha nikikunja magoti. Chokaa bado inanukia. Huku giza likiingia hakuna sauti, ila ng'ombe akitafuna. Sikuwa najua ni kimya hivi tangu tumzike Baba. Kwa barua huwa unaniambia tu viazi.

Nijibu haraka. Jairus nimemwambia asikae Kitale.

Everlyne


Kitale, 14 Agosti 2025

Mama Kipkemei,

Chumvi iko kwa kopo la majani chai. Majani chai yako kwa kopo la sukari.

Mtoto ni mzima. Nitakuambia vile ilikuwa, maana ukidanganywa utajua.

Siku ya kwanza alilia. Alikutafuta kitandani, chini ya kitanda, kwa katoni ya nyuzi. Alipochoka kutafuta alinijia mimi, akanifungua sweta, akaangalia. Nikamwambia hapa palifungwa zamani. Akacheka, halafu akakumbuka, akalia tena. Kemboi alimbeba akazunguka naye nje mpaka akalala begani. Una mume mzuri. Sikuwahi kusema, sasa nimesema.

Siku ya pili alilia kidogo. Akakataa maziwa, akakataa uji, akala viazi vyangu viwili akaomba tena. Tangu hapo anakula. Analala na blanketi ya manjano. Ile ya samawati anailalia.

Wangui amekuja kila siku. Ni mtu mzuri, wewe una maneno mengi. Ameleta viatu vidogo, akasema ni zawadi. Anavaa vyote viwili mguu mmoja akiweza.

Anakuita. Asubuhi anasimama mlangoni anasema mama, mara moja, kama anaangalia tu kama upo. Tunamwambia umeenda kwa Gogo. Anajua mimi ndiye Gogo, kwa hivyo ananiangalia kama mwongo.

Jumamosi njoo. Usivae blauzi ya vifungo. Tutakutana sokoni mimi nikipanda gari, mtoto nitamwacha nyumbani na baba yake. Sitarudi nyumbani na wewe kuona vile atakupokea. Hiyo ni yako, na mimi yangu niliiona.

Chesang


Kitale, 17 Agosti 2025

Mama yangu,

Ulifika salama? Ng'ombe walikutambua? Nilikuachia maziwa kwa sufuria ya kijani na mlango nimeuinua kabla ya kuusukuma. Samahani pale sokoni sikukuaga vizuri, ulinisukuma ukaniambia nenda, nami nikaenda, na nilipogeuka ulikuwa umeshapanda, unaangalia upande wa pili.

Nikatembea haraka. Karibu na lango nikaanza kwenda polepole, sijui kwa nini. Walikuwa wamekaa nje na Kemboi wakipanga mifuniko ya chupa. Akaniona. Mama, aliniangalia muda mrefu. Hakutabasamu. Nikachuchumaa, nikangoja.

Akaja. Kwa miguu yake, na viatu vya Wangui, cha kushoto kulia na cha kulia kushoto, hakuanguka hata kidogo, hakuna mtoto Kitale nzima anatembea hivyo na viatu vimegeuzwa. Akafika mbele yangu. Akainua mkono akanizaba kofi la uso. Halafu lingine. Kemboi akasema, "Wewe! Unapiga mama?" Nikamwambia nyamaza wewe, mwache apige.

Alipochoka akanishika shingo akalia kwa hasira, kile kilio cha kusema, ulikuwa wapi, ulikuwa wapi. Nikalia pia. Kemboi akaingia jikoni ati kuangalia maji.

Baadaye alinipapasa kifuani, akafikiri, akasema, "Uji." Basi. Imeisha hivyo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Anakula sasa kama mtu wa kulima. Jioni alizunguka nyumba yote akiita Gogo, akaangalia mpaka kwa katoni.

Nimefikiria hayo makofi tangu jana. Mtoto hapigi mgeni, Mama. Mgeni anaonewa haya. Mimi siku ile Cheptais nilikuletea kiti. Leo naona ningekupiga.

Desemba tunakuja, sisi wote watatu, tulale kile chumba chako cha chokaa tubanane, na Januari turudi wote watatu. Ukifungua mlango usishangae. Nitakupiga kidogo tu, halafu uniwekee chai.

Mtoto wako,
Everlyne